Titi Libaki au Liondoke? Uliza Kwanza Foleni ya Mionzi

Chukua mama wa Songea, miaka 48, mwenye uvimbe wa sentimita mbili kwenye titi la kushoto. Amekatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwa, majibu yametoka: saratani. Daktari anamwekea njia mbili. Ya kwanza, utolewe uvimbe na nyama kidogo inayouzunguka, titi libaki, kisha apigwe mionzi, yaani miale ya mashine ya kuua mabaki ya saratani. Ya pili, titi liondolewe lote.

Kwenye makaratasi, njia hizi zinalingana. Mwaka 2002 madaktari wapasuaji Bernard Fisher wa Marekani na Umberto Veronesi wa Milan, Italia, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka 20, na wote wawili walikuta kitu kimoja: waliobakiziwa titi waliishi sawa na walioondolewa. Ushahidi huo uliizika desturi iliyoanza karne ya 19, ya kuondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapa kwa mkupuo mmoja.

Ila namba za Fisher zisomwe mpaka mwisho. Kwa waliotolewa uvimbe wakapigwa mionzi, ugonjwa ulirudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 14 hivi. Kwa waliotolewa uvimbe wakaachwa bila mionzi, asilimia 39. Mwaka 2011 majaribio 17 yalipochambuliwa kwa pamoja, ikaonekana mionzi hiyo inapunguza na vifo vyenyewe. Kubakiza titi, basi, ni kazi ya kisu na mashine, na mashine haiko Songea. Kwa miaka mingi ilikuwa kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road tu, Dar es Salaam, hadi hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo ilipoanza.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Ratiba ya zamani ni vipimo 25, yaani dozi 25 za mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Juu ya meza yenyewe unalala dakika chache, hausikii maumivu. Kazi iko kwenye benchi la kusubiri, kwenye daladala, kwenye kulala kwa shemeji Mbagala huku duka Songea limefungwa. Kifuani kuna alama za wino ambazo umekatazwa kuzisugua. Wiki ya tatu au ya nne ngozi inaanza kuwa nyeusi na kuwasha, na sidiria haivaliki, unajifunga khanga. Wapo wanaokatisha njiani, na sithubutu kuwalaumu. Mashine nazo hufa: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na mpya ikazinduliwa mwanzoni mwa 2018. Aliyekuwa ametolewa uvimbe tu wakati ule, akiwa hana nauli ya kumfikisha Nairobi, alibaki na nusu ya tiba.

Ndiyo maana wapasuaji wengi wa kwetu huona kuondoa titi lote ni salama zaidi. Linaondolewa mara moja, hata hospitali ya mkoa inaweza. Naielewa hoja hiyo, lakini ina matobo mawili.

La kwanza ni hofu. Mwanamke akisikia "kukatwa titi" anaweza kuondoka na asirudi. Anapita kwa mganga, anapita kwenye maombi, anarejea uvimbe umeshakuwa kidonda. Kwa mtu kama huyo, kujua kwamba titi linaweza kubaki kungemleta mapema.

La pili halisemwi sana. Kuondoa titi hakumsamehe mtu mionzi kila mara. Uvimbe ukizidi sentimita tano, au tezi nne na zaidi za kwapani zikikutwa na ugonjwa, mionzi inapendekezwa hata kama titi limeshaondoka. Na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitali wakiwa wamechelewa hivyo. Kumwambia mama "tukiondoa lote tumemaliza" ni kumfungia barua ya rufaa kabla hajajua kwamba anaihitaji.

Kinachoweza kupindua mjadala wote ni kufupisha ratiba. Waingereza walishaonyesha kwamba vipimo 15 kwa wiki tatu vinatosha, na mwaka 2020 jaribio lao lililohusisha wanawake zaidi ya 4,000 likashusha hadi vipimo vitano kwa wiki moja, bila ugonjwa kurudi zaidi katika miaka mitano ya kufuatilia. Kila kipimo kinakuwa kikubwa, kwa hiyo upangaji unataka umakini. Lakini kufunga duka wiki moja si sawa na kulifunga wiki tano, na mashine ile ile inahudumia watu wengi zaidi.

Msimamo wangu: yule mama wa Songea abakiziwe titi kama uvimbe uko sehemu moja, hana ujauzito, na tarehe ya mionzi imeshaandikwa kwenye faili lake kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Kama tarehe haipo, kuliondoa ndiko kumtendea haki, mradi aambiwe kwamba majibu ya tezi yanaweza kumpeleka Dar vilevile.

Daktari anapotoa uvimbe na kubakiza titi, mara nyingi huacha ndani vibanio vidogo vya chuma, vidogo kuliko punje ya mchele, kuwaonyesha watu wa mionzi mahali pa kulenga. Mgonjwa havihisi. Vinakaa humo vikisubiri mashine.