Nehemia Sura ya Tano Mbona Hamuihubirigi?

Jumamosi nilikuwa kwenye semina ya viongozi wa kanisa. Somo? Nehemia, kama kawaida, yule liwali (gavana) wa Yuda aliyeujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Maono, ukuta, siku 52, Sanbalati na Tobia waliompinga, mwalimu katoka jasho mpaka koti kalivua, tukaambiwa mgeukie jirani yako umwambie "simama ujenge". Nikamgeukia, alikuwa anasinzia.

Ikafika lunchi. Sisi foleni, wali maharage na kabichi. Meza kuu ina kitambaa cha satini na maua ya plastiki, kuku mzima mzima vinapita juu ya vichwa vyetu. Sawa, wageni. Ila tukimaliza kula tu ukaja mchango wa mafuta ya gari la mtumishi, kuanzia elfu kumi, na usimame uonekane. Mama niliyekaa naye anauza vitumbua, huyo ndo kiongozi wa akina mama mtaani kwao, akafungua kipochi akahesabu elfu mbili mbili hadi noti zikafika tano, akabaki na sarafu.

Jamani, sura ya tano ipo kwenye Biblia zenu au ilichanwa? Watu wameweka rehani mashamba wapate nafaka, wamekopa walipe kodi ya mfalme, watoto wanaenda utumwani, na wanaowakamua ni ndugu zao Wayahudi. Nehemia akawaka, akaitisha mkutano, akawaambia rudisheni mashamba na nyumba leo hii, na riba acheni, na yeye mwenyewe alikuwa anakopesha kwahiyo alijiweka humo humo. Halafu sasa hapa ndo penyewe: miaka 12 ya uliwali hakugusa posho ya chakula cha liwali. Waliomtangulia walichukua mkate, divai na shekeli 40 za fedha, mpaka vijana wao wa kazi wakawa wanawatambia wananchi (wale wabeba begi la mtumishi mpo?). Yeye mezani kwake wanakula watu 150, kila siku ng'ombe mmoja na kondoo sita, na bado hakudai posho kwa sababu aliona watu wamelemewa. Yani meza kuu ilikuwepo, ila bili haikwenda kwa muuza vitumbua.

Najua mtaniambia mtenda kazi anastahili ujira wake. Haya, anastahili. Paulo naye kaitetea hiyo haki 1 Wakorintho 9 halafu sura hiyo hiyo akasema hajaitumia. Nabii Samweli anawaaga watu aliuliza nimetwaa ng'ombe wa nani, nani leo atauliza hilo madhabahuni?

Na Nehemia hakuwa malaika, sura ya 13 kang'oa watu nywele. Mimi pia nilivyokuwa mhazini wa kwaya soda za hela ya kwaya nilikunywa, nisijifanye.

Jioni kituoni nikamlipia yule mama nauli. Akanishukuru sana, halafu akaniuliza semina ijayo ni lini.