Ukishika Karata Kali, Pandisha Dau

Ijumaa iliyopita kijana mmoja mezani petu alishikilia kwamba mchezaji wa poka aliyekomaa hapandishi dau akishika karata kali, bali hunyamaza na kuvizia. Ushahidi wake ulikuwa Johnny Chan, aliyetwaa ubingwa wa dunia huko Las Vegas mwaka 1988 kwa kumvizia Erik Seidel. Maneno hayo yameniudhi hadi leo, kwa sababu nimewaona wengi wanaoanza wakiyaamini na kuumia.

Tuutazame ushahidi wenyewe. Karata tatu za kwanza kufunuliwa mezani kwa wote zilikuwa nane, kumi na malkia. Chan alishika jeki na tisa, yaani mfululizo uliokamilika wa karata tano, nane hadi malkia. Seidel alishika malkia na saba, jozi tu. Walikuwa wamebaki wawili, na katika karata zote zilizosalia hapakuwa na hata moja ambayo peke yake ingemwokoa Seidel. Katika hali hiyo nakubali, shingo upande, kwamba kusubiri kulikuwa na maana.

Meza zetu si hizo. Mwezi uliopita nilikuwa na tisa mbili mkononi, na mezani zikafunuliwa tisa ya kopa, sita ya kopa na mbili ya pau. Tulikuwa wanne, na mezani palikuwa na shilingi 3,000. Wa kwanza akaweka 1,000. Nami, nikitaka kuwavuta wote, nikafuata tu dau lake. Aliyekaa kushotoni mwangu aliigusa chipu yake mara mbili, akaitazama tena sita ya kopa, kisha akafuata.

Alishika ree na tano, zote kopa, akikosa kopa moja tu kutimiza karata tano za aina moja, ambazo hushinda tisa tatu kama zangu, na kopa nyingine tisa alikuwa bado hajaziona. Uwezekano wa kuipata moja kwenye karata iliyofuata ulikuwa takriban asilimia 19, naye alilipa 1,000 ili agombee 5,000 zilizokuwa tayari mezani, bei ambayo inalipa hata kwa asilimia 17. Kwa kunyamaza kwangu nilimfanya awe sahihi. Laiti ningepandisha hadi 4,000, angetakiwa kulipa 4,000 ili agombee 8,000, na hapo angehitaji asilimia 33 ambazo hakuwa nazo. Angetupa karata zake, au angefuata kwa hasara. Karata iliyofuata ilikuwa jeki ya kopa.

Huambiwa kwamba ukipandisha dau utawafukuza watu. Utawafukuza wale wasio na kitu, ambao hata ungenyamaza wasingekulipa. Mwenye jozi kubwa au kopa nne hakimbii kirahisi, na huyo ndiye unayemtaka alipe sasa, wakati bado yuko nyuma yako.

Kijana yule alipokuwa akiondoka nilimwandikia hesabu hii nyuma ya risiti ya chai, naye akaikunja na kuitia mfukoni bila kujibu. Ijumaa ijayo nitakaa mkono wake wa kulia.