Kabla ya Kununua Maua, Tazameni Jua

Wiki hii nimetumiwa tangazo la ofisi za kupangisha hapa Dar es Salaam, zinanadiwa kuwa "za kijani", yaani rafiki kwa mazingira. Nimeziangalia picha zote. Kuna ukuta wa majani mapokezi, kuna vyungu vya maua kila kona. Na kuna kioo kutoka sakafuni hadi darini, upande mzima unaotazama magharibi, bila dirisha hata moja la kufungua. Nimekasirika, na sitaki kuficha.

Nimewahi kufanya kazi kwenye jengo la namna hiyo. Ikifika saa nane mchana jua lilikuwa linaingia hadi katikati ya chumba. Mhasibu wetu alibandika maboksi ya karatasi za fotokopi kwenye kioo kwa selotepu, walau aone kompyuta yake. Mapazia yanashushwa, halafu taa zinawashwa, mchana kweupe. Waliokaa chini ya kiyoyozi wanajitanda khanga, waliokaa dirishani wanalowa jasho, na ugomvi wa rimoti hauishi. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, wote tunashuka kusimama chini ya mwarobaini, maana humo ndani hakukaliki. Kisha mtu anaitwa kwa bosi kuulizwa mbona kazi zake haziishi.

Jambo lenyewe si gumu. Dar iko karibu digrii 7 tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linapita juu ya utosi, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unakingwa na kibaraza kifupi tu juu ya dirisha. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo baya: linakuja chini chini, linapenya ubavuni, na kibaraza hakilizuii. Basi jengo lilazwe kwa urefu mashariki-magharibi, nyuso zake pana zitazame kaskazini na kusini. Likiwa bado mchoro, kuligeuza hakugharimu tofali hata moja. Najua viwanja vya mjini ni vyembamba na havichagui pa kutazama, hilo nalikubali. Lakini hata hapo, ngazi, lifti, vyoo na stoo si vingeweza kuwekwa upande wa magharibi vikapokea joto hilo badala ya watu? Na matofali ya matundu, ambayo mafundi wetu wanayafyatua kila siku, yametukosea nini?

Wala si kwamba hatujui. Soko la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970, lina miavuli mikubwa ya zege inayotoa kivuli na kukinga maji ya mvua, na pembeni likaachwa wazi upepo upite. Huyo ni msanifu wa kwetu, na alifikiria jua letu na mvua yetu.

Harare kuna Eastgate, jengo la maduka na ofisi lililofunguliwa 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kwenye kichuguu cha mchwa: usiku feni zinavuta hewa ya baridi kupitia sakafu za zege, mchana zege hiyo ndiyo inayopoza vyumba. Sisemi tuige lile kama lilivyo. Harare iko juu na usiku wake una baridi, ilhali usiku wa Dar mwezi wa Februari ni joto na unyevu, kaskazi likitulia hata shuka halikaliki. Kwa hiyo ndiyo, kiyoyozi tutakihitaji. Ila kiyoyozi kidogo, ndani ya jengo lenye kivuli, kwa saa chache. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 zina paneli za jua juu ya paa, lakini kwanza zilichorwa zipate mwanga na hewa zenyewe.

Maua nayapenda. Yawekeni.

Ila wewe unayetafuta ofisi, usikubali kupelekwa kuiona asubuhi. Nenda saa tisa alasiri, mwambie dalali azime kiyoyozi na afungue pazia, kisha kaa pale watakapokaa wafanyakazi wako, nusu saa. Jaribu kufungua dirisha. Likigoma kufunguka, endelea kutafuta.