Finjani nane barazani

Ami yetu mmoja hapa Mji wa Kale huapa kwamba kahawa iliyochemshwa kwa mkaa anaijua kwa ulimi tu, ya gesi haimdanganyi. Juzi baada ya Isha tukamfunga kitambaa machoni. Muuza kahawa akamimina finjani nane, nne za mkaa na nne za gesi, tukazipanga kwa kura. Muuzaji mwenyewe nikamtuma nyuma ya mlango, maana kikohozi chake tu kingetoa siri. Ami akaonja, akasukutua kwa maji, akaonja tena, kisha akatenga nne zake za mkaa. Tatu kapata, moja kakosa.

Baraza zima: "Si mumeona!"

Mimi sikuona. Kuchagua finjani nne kati ya nane kuna njia 70. Njia moja tu ndiyo inayopata zote, lakini zinazopata tatu au zaidi ni 17, yaani asilimia 24. Mtoto asiyejua kahawa, akiokota ovyo, atamfikia Ami karibu mara moja katika kila majaribio manne.

Jaribio lenyewe tumeliiba. Mwaka 1935 mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher alilieleza kwa vikombe vinane vya chai, na bibi aliyedai anatambua kama maziwa yametangulia chai kikombeni. Unaanza kwa kudhani mtu hajui kitu, na hiyo ndiyo nadharia tete sifuri. Kisha unauliza: kama kweli hajui, matokeo haya ni adimu kiasi gani? Wengi huweka mpaka wa asilimia 5 (ni mazoea tu, haukushuka mbinguni): matokeo yakiwa adimu kuliko hapo, dhana ya kwamba hajui inakataliwa. Angepata zote nne, ingekuwa 1 kwa 70, asilimia 1.4 hivi, nami ningenyamaza.

Kumaliza kueleza, vijana wakanigeukia: "Basi Ami muongo!"

Hili ndilo lililoniudhi hasa. Kushindwa kuikataa dhana ya kwamba hajui si kuithibitisha. Kwa finjani nane, ukiteleza mara moja tu umeanguka, hata uwe na ulimi wa dhahabu. Jaribio dogo halioni jambo dogo. Ndivyo tunavyosikia dawa imejaribiwa kwa watu kumi, haikuonyesha kitu, basi watu wakaizika.

Ami anataka marudio: finjani ishirini, kumi kwa kumi. Muuza kahawa kauliza nani atalipa, na mpaka leo hajajibiwa.