Cessna na Beechcraft kwa Tajiri Mmoja

Mwaka 1925, mjini Wichita katika jimbo la Kansas, Clyde Cessna, Walter Beech na Lloyd Stearman walianzisha kampuni ya kuunda ndege iliyoitwa Travel Air. Hawakukaa pamoja muda mrefu: Cessna aliondoka mwaka 1927 akafungua kiwanda chake, na mwaka 1932 Beech na mkewe, Olive Ann, wakafungua cha kwao. Kwa miongo kadhaa majina hayo mawili yaliwindana sokoni kutoka mji uleule, hadi Machi 2014, Textron, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiimiliki Cessna tangu 1992, ilipoinunua Beechcraft kwa takriban dola bilioni 1.4.

Sitaki kumwonea aliyenunua. Hawker Beechcraft, kama Beechcraft ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Mei 2012, ikielemewa na madeni ambayo sehemu kubwa yake ilitokana na namna ilivyonunuliwa mwaka 2007. Superior Aviation Beijing ya China ilitaka kuichukua kwa dola bilioni 1.79, mazungumzo yakavunjika mwaka huohuo, na ilipotoka mahakamani mwaka 2013 ilikuwa imeachana kabisa na uundaji wa jeti. Anayesema kwamba Textron ilimmeza mshindani mwenye afya njema amesahau hali ya mgonjwa. Isitoshe, bidhaa kuu za kampuni hizo hazikugongana sana. Cessna ilikuwa na jeti za Citation na Caravan, ndege ya panga boi yenye injini moja. Beechcraft ilitegemea King Air, yenye injini mbili.

Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayonisumbua, kwa kuwa inapima ushindani kwa siku moja tu: siku ya kununua ndege. Caravan iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982 na King Air mwaka 1964, na zote mbili bado zinaundwa. Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia, au kutua kwenye viwanja vya changarawe vya Serengeti, anaijua Caravan: unapimwa uzito pamoja na begi lako, mizigo inasukumizwa katika sanduku lililo chini ya tumbo la ndege, kisha unakaa chini ya bawa ukitazama mgongo wa rubani. Mwenye ndege ile aliinunua mara moja. Vipuri vyake atavinunua kwa miaka thelathini au zaidi, na kwa vingi kati ya hivyo mlango wa kubisha ni mmoja.

Fundi mmoja ninayemfahamu aliwahi kunionyesha kipuri kilichotoshea kiganjani, ambacho kilikuwa kimeilaza ndege chini kwa siku tisa. Alichonieleza kwa uchungu hakikuwa bei, ingawa bei nayo ilitisha. Kilikuwa ni kukosa mahali pengine pa kuuliza. Sheria za Marekani zinaruhusu kampuni nyingine kutengeneza vipuri mbadala vikishaidhinishwa, lakini si kila kipuri kina soko la kumvutia mtu agharamie kibali. Na fundi hawezi kutia saini kazi yake bila mwongozo wa matengenezo ulio hai, ambao mwenye nao ni mtengenezaji.

Kuna madhara ya aina nyingine, ya kununua kisha kuzika. Mwaka 2007 Cessna iliinunua kampuni ya Columbia ya Bend, katika jimbo la Oregon, iliyokuwa ikiunda ndege ndogo za injini moja zenye kasi ya kutosha kuinyima usingizi Cirrus, mtengenezaji mwingine wa ndege kama hizo. Kazi ikahamishwa kutoka Oregon, jina likabadilishwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2018 ndege yenyewe ikaachwa. Learjet nayo, kampuni ya jeti iliyonunuliwa na Bombardier ya Kanada mwaka 1990, ilikabidhi ndege yake ya mwisho Machi 2022. Sidai kwamba kulikuwa na njama. Bidhaa inayojitegemea hupigania uhai wake, ilhali bidhaa iliyomo katika orodha ndefu ya mwenye mali hufutwa kwa mstari mmoja katika kikao cha bajeti.

Wapo watakaonikumbusha kwamba mnunuzi wa ndege bado anaweza kuchagua Kodiak, ambayo Daher ya Ufaransa iliipata mwaka 2019, au PC-12 ya Pilatus ya Uswisi. Ni kweli, lakini funika majina ufungue vifuniko vya injini: Kodiak, PC-12, Caravan na King Air zote zinaendeshwa na injini ya PT6 ya Pratt & Whitney Canada. Ajabu ni kwamba jaribio zito la kuuvunja ukiritimba huo limetoka kwa Textron hiyohiyo, ambayo iliichagua injini ya Catalyst ya kampuni ya GE kwa ajili ya Denali, ndege iliyopaa mara ya kwanza Novemba 2021. Injini hiyo ilipata cheti cha Marekani Februari 2025. Kampuni ndogo isingeweza kusubiri muda wote huo, na katika hilo ukubwa wa Textron naukubali bila kinyongo.

Hata hivyo, ningeulizwa mwaka 2014, nisingepinga ununuzi ule. Ningeomba sharti moja: kwamba miongozo ya matengenezo na michoro ya vipuri vya ndege zilizokwisha kuuzwa ipatikane kwa bei iliyotangazwa, kwa karakana yoyote yenye leseni, iwe Wichita, Nairobi au Dar es Salaam.