Ukumbi si tatizo
Ati wachoraji chipukizi wa Mombasa hawaonekani kwa sababu mji hauna jumba la maonyesho! Hapo mwandishi wa makala niliyoisoma juu yao nimemkatalia. Mwaka jana, Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, vijana wanne walitundika kazi zao kwenye kamba za kuanikia nguo, nyumbani kwa nyanyake mmoja wao. Mlango wazi, kahawa chungu na kashata barazani. Wasukuma mikokoteni waliingia, wakauliza bei, wakabishana na wachoraji uso kwa uso. Kwenye makumbusho ya Fort Jesus, kwa tiketi yake, usingewaona. Kilichosumbua ni kuta za nyumba hiyo, za mawe ya matumbawe. Matumbawe hutoa unyevu na chumvi, basi picha mbili za karatasi zilijikunja na kuota madoa kabla ya wiki kwisha. Nyinyi mnaotundika kwenye nyumba hizi kuukuu, mnazikinga vipi?