Baltimore Orioles: makinda wapo, warushaji wako wapi?

Mwaka 2023 Baltimore Orioles, timu ya besiboli ya Marekani, walishinda mechi 101 kati ya 162 na kumaliza kileleni mwa kundi la Mashariki, mbele ya Tampa Bay, Yankees na Red Sox. Miaka miwili baadaye, vijana wakiwa karibu ni walewale, walishinda 75, wakapoteza 87 na kuburuza mkia wa kundi hilohilo. Meneja Brandon Hyde alitimuliwa Mei 17, 2025, timu ikiwa imeshinda 15 na kupoteza 28. Mwezi mmoja kabla ya hapo, siku ya Pasaka, Cincinnati Reds walikuwa wamewatandika 24 kwa 2 katika uwanja wao wa nyumbani.

Tangu hapo mashabiki wa Baltimore wamegawanyika. Wapo wanaosema vijana hawana kosa, tatizo ni warushaji (wale wanaomrushia mpira mpigaji wa timu pinzani), na uongozi haukutaka kutoa pesa wala kuuza mtu ili uwapate. Wengine wanasema makinda hao walisifiwa kupita kiasi, na kwamba hata wangepewa warushaji bora duniani wasingefika mbali. Nimefuatilia ubishi huu kwa muda mrefu. Naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, ingawa uzito wa lawama, kwa maoni yangu, hauko sawa.

Kwa msomaji aliyezoea soka ni vizuri kueleza namna timu ya besiboli inavyojengwa. Klabu za Marekani hazilei watoto wa huko kwenye akademi kama Ajax au Barcelona. Kila mwaka kuna drafti, yaani zamu ya kuchagua vijana kutoka shule za sekondari na vyuo, na kwa desturi waliofanya vibaya ndio wanaotangulia kuchagua. Orioles walifanya vibaya kwelikweli: mechi 115 walizopoteza mwaka 2018, 108 mwaka 2019, na 110 mwaka 2021. Katika kipindi hicho meneja mkuu Mike Elias, aliyetoka Houston mwishoni mwa 2018, aliwachagua Adley Rutschman na Gunnar Henderson mwaka 2019, Colton Cowser mwaka 2021 na Jackson Holliday mwaka 2022. Wote ni wapigaji. Kuanzia drafti yake ya kwanza hadi ile ya 2025, Elias hajawahi kutumia chaguo la raundi ya kwanza kwa mrushaji.

Wanaomlaumu huanzia hapo, lakini mimi naona hapo ndipo hoja yao ilipo dhaifu. Mrushaji ni mali ya hatari. Kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 155 kwa saa, mara tisini kwa mechi moja, kunaumiza kiwiko na bega kuliko kazi nyingine yoyote uwanjani. Ushahidi uko Baltimore kwenyewe. Félix Bautista, mrushaji wao wa kumalizia mechi, alifanyiwa upasuaji wa Tommy John (wa kukarabati kano ya kiwiko) mwaka 2023, akakosa msimu mzima wa 2024, akarudi, na Agosti 2025 akafanyiwa mwingine wa bega. Kyle Bradish, aliyekuwa mrushaji wao bora mwaka 2023, alipasuliwa kiwiko Juni 2024, na Tyler Wells mwezi huohuo. Grayson Rodriguez, kinda waliyemtegemea kuliko warushaji wote, hakurusha hata mpira mmoja wa ligi kuu mwaka 2025. Ukichagua mpigaji kwenye drafti, uwezekano wa kumwona akicheza miaka mitano baadaye ni mkubwa zaidi. Elias hakukosea kuchagua wapigaji.

Kosa lilikuwa kwenye hatua ya pili ya mpango wenyewe. Ukisema utalea wapigaji na kununua warushaji, siku inafika ya kununua. Februari 2024 walifanya hivyo: walimchukua Corbin Burnes kutoka Milwaukee kwa kutoa vijana wawili, Joey Ortiz na DL Hall, pamoja na nafasi moja ya drafti. Burnes alishinda mechi 15, akiruhusu wastani wa mikimbio (yaani pointi) 2.92 kwa kila inningi tisa, ambazo ni vipindi vya mechi nzima. Hiyo ni kazi ya nyota. Mkataba wake ulipoisha, Arizona Diamondbacks walimpa dola milioni 210 kwa miaka sita. Baltimore, iliyokuwa imepata mmiliki mpya tajiri mwaka huohuo, ilijaza pengo lake kwa Charlie Morton mwenye umri wa miaka 41 na Tomoyuki Sugano wa miaka 35 kutoka Japani, kila mmoja kwa mkataba wa mwaka mmoja tu.

Sugano alijitahidi, alishinda kumi na kupoteza kumi. Morton alianza kwa vipigo mfululizo, akaondolewa kwenye zamu ya waanzaji, yaani warushaji wanaofungua mechi, na Julai akapelekwa Detroit. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 192 katika misimu miwili, yenye wapigaji chipukizi hadi wengine wanakosa nafasi ya kucheza, iliingia msimu bila mrushaji mmoja mwenye afya ambaye ungempa mpira mechi ya kwanza ya mtoano ukalala usingizi. Hilo ndilo lililowauma mashabiki, na wana haki ya kuumia.

Watetezi wa uongozi nao wana jibu zito: Burnes mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa Tommy John Juni 2025, kabla hajamaliza hata msimu wake wa kwanza Arizona. Angepewa hizo milioni 210 Baltimore, wangekuwa wanamlipa mtu anayeuguza kiwiko. Siwezi kulipuuza jibu hilo. Ila halisemi lolote kuhusu njia nyingine iliyokuwa wazi, ile ya kubadilishana wachezaji. Wapigaji wa ziada walikuwepo, na thamani yao majira yale ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa.

Kuhusu kubadilishana, kuna kisa kimoja ambacho kila upande unakitumia kwa faida yake. Julai 2024 Orioles walimchukua mrushaji Trevor Rogers kutoka Miami kwa kuwatoa Kyle Stowers na Connor Norby. Rogers alianza mechi nne tu, zote akisumbuka, akashushwa timu ya daraja la chini. Mwaka uliofuata Stowers akaitwa kwenye mechi ya nyota akiwa na jezi ya Miami, na Baltimore nzima ikapiga kelele kwamba wameibiwa. Kisha Rogers akarudi. Katika mechi 18 za 2025 alishinda tisa, akapoteza tatu, na wastani wake ukawa 1.81, kiwango ambacho warushaji wengi hawakifikii maisha yao yote ya mchezo. Kwangu mimi hilo linaonyesha kwamba kutoa mpigaji kijana kwa ajili ya mrushaji kunaweza kuuma na bado kukalipa, na kwamba hukumu ya baada ya miezi miwili haina thamani. Uongozi uliofanya biashara hiyo ulipaswa kupata ujasiri wa kufanya nyingine kubwa zaidi miezi michache baadaye.

Sasa tuwasikilize wanaowalaumu vijana, maana hoja yao haipewi nafasi ya kutosha. Oktoba 2023 Texas Rangers waliwatoa Orioles kwenye mtoano kwa mechi tatu mfululizo na kupata mikimbio 21. Hapo lawama ni ya warushaji. Oktoba 2024 ilikuwa kinyume kabisa. Burnes alirusha inningi nane dhidi ya Kansas City Royals, akaruhusu mkimbio mmoja tu, na bado Baltimore wakapoteza 1 kwa 0. Kesho yake wakapoteza 2 kwa 1. Nyumbani, mbele ya mashabiki wao, katika inningi 18 wapigaji wote wale wa kutamaniwa na ligi nzima walipata mkimbio mmoja. Hakuna mrushaji duniani anayeshinda mechi ambayo timu yake haikupata kitu.

Mwaka 2025 hali haikubadilika sana. Henderson, aliyepiga homurani (mipira inayovuka ukuta wa uwanja) 37 mwaka 2024, alishuka hadi 17. Rutschman aliumia misuli ya ubavu mara mbili, na hata alipokuwa mzima wastani wake wa upigaji ulikuwa chini. Cowser, aliyekuwa wa pili katika tuzo ya mchezaji bora mpya mwaka 2024, alipoteza makali kabisa. Mashabiki wanaosema warushaji pekee ndio tatizo huyaruka mambo haya, na hawatendi haki.

Pamoja na hayo sikubali kwamba vijana hawa ni bandia. Usiku wa Septemba 6, 2025, Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers alikuwa amebakiza mtu mmoja tu kumaliza mechi bila Orioles kupata hata pigo moja. Matokeo yalikuwa 3 kwa 0. Holliday, kijana wa miaka 21, akapiga homurani. Yamamoto akatolewa, Dodgers wakaingiwa na kiwewe, wachezaji wakajazana kwenye besi, na Emmanuel Rivera akapiga mpira ulioleta mikimbio miwili na ushindi wa 4 kwa 3. Usiku uliotangulia Samuel Basallo, kinda wa miaka 21 kutoka Jamhuri ya Dominika, alikuwa amewamaliza Dodgers haohao kwa homurani ya mwisho. Msimu ulikuwa umekwisha kwao, wangeweza kucheza ili mradi siku ziishe. Vijana wasio na moyo hawachezi hivyo dhidi ya timu iliyokwenda kutwaa ubingwa msimu huohuo.

Desemba 2025 uongozi ulibadilika mwenendo. Mpigaji Pete Alonso alisajiliwa kwa dola milioni 155 kwa miaka mitano. Mrushaji Shane Baz akachukuliwa kutoka Tampa Bay kwa kutoa vijana wanne na nafasi ya drafti, wawili kati yao wakiwa wamechaguliwa miezi mitano tu kabla. Wapo waliolalamika kwamba bei ilikuwa kubwa. Mimi naona bei ya haki, isipokuwa ililipwa mwaka mmoja baada ya wakati wake, na kwa mrushaji ambaye naye amewahi kupasuliwa kiwiko. Mwezi mmoja kabla walikuwa wamempeleka Rodriguez kwa Angels na kumchukua mpigaji, Taylor Ward, kwa hiyo Baz aliziba pengo la mrushaji aliyekwisha kuondoka.

Muda waliobakiwa nao unajulikana. Rogers anaweza kuondoka baada ya msimu wa 2026, Rutschman baada ya 2027, Henderson baada ya 2028, kama hawatasaini mikataba mipya. Basallo ameshafungwa kwa miaka minane na dola milioni 67. Ningekuwa na sauti kwenye ofisi za Camden Yards, uwanja wa Orioles, ningeanza na mkataba wa Henderson, halafu ningetafuta mrushaji mwingine wa kuanza kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, hata kama bei yake ni mpigaji kijana Coby Mayo.